Nawezaje kuandaa sherehe ya karaoke ambayo hata mgeni asiyeimba ataifurahia?

MwenyejiMtarajiwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwisho wa mwezi huu ninatarajia kuwaalika nyumbani kwangu watu wapatao 20 kwa ajili ya sherehe ya karaoke, na ningependa kupata ushauri wa wale ambao wamekwisha kuandaa shughuli ya namna hii. Wageni wenyewe ni mchanganyiko: wapo ndugu, wapo wafanyakazi wenzangu, wapo wazee, na wapo watoto wa umri wa shule. Baadhi yao wanaimba vizuri na wanajulikana kwa hilo, na wengine hawajawahi kushika kipaza sauti maishani mwao.

Vifaa ninavyo. Kuna televisheni kubwa, kompyuta mpakato, spika moja inayotosha sebule, na vipaza sauti viwili visivyo na waya. Wasiwasi wangu hauko sana kwenye vifaa bali kwenye watu. Nimewahi kuhudhuria sherehe ambayo watu watatu waliimba usiku mzima na wengine wote tukageuka watazamaji, na nyingine ambayo mgeni aliyejikalia kimya alivutwa mkono hadi mbele ya watu huku soni imemjaa usoni. Sipendi lolote kati ya hayo litokee kwangu. Je, zamu zipangwe vipi bila mwenyeji kuonekana mkali? Asiyetaka kuimba atendewe vipi? Na je, yapo mambo ya ufundi ambayo inafaa niyajue mapema, kabla wageni hawajafika?

MshikaOrodha alijibu:

Ndugu, umeanza na swali lenyewe hasa, kwa sababu sherehe ya karaoke huharibika kwenye zamu kabla haijaharibika kwenye sauti. Niruhusu nianze na hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokusaidia kuamua bila kumwonea mtu. Nyimbo nyingi huchukua dakika tatu hadi nne. Ukiongeza muda wa mwimbaji kuinuka, kupokea kipaza sauti, kupigiwa makofi na kumpisha mwenzake, kila zamu inakula dakika tano hivi, na kwa hiyo saa moja inabeba nyimbo 12 tu. Tuseme katika wageni wako 20 watakaotaka kuimba ni 12: kila mmoja anapata wimbo mmoja kwa saa. Mgeni mmoja akiimba nyimbo tatu mfululizo amekwisha kutumia robo saa ya wenzake, na pengine mwenyewe hana habari, kwa kuwa dakika za anayeimba hukimbia na za anayesubiri hutambaa.

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba hakuna anayeimba mara ya pili kabla ya kila aliyejiandikisha kuimba mara ya kwanza. Kanuni hiyo ikitangazwa mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza, hakuna atakayeiona kuwa imemlenga yeye. Ikitangazwa baada ya mtu fulani kuimba mara nne, kila mtu atageuza macho amtazame huyo, na hapo umekwisha kumwaibisha mgeni wako kwa jambo ambalo hukumkataza.

Orodha iandikwe kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kwa herufi zinazosomeka, na ibandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuifikia. Nimeona wenyeji wakiiweka orodha kwenye simu zao, na matokeo yake ni kwamba kila baada ya dakika mbili kuna mtu anayekuja kuuliza zamu yake iko wapi, na wengine wanaanza kushuku kwamba jina lao limerukwa. Karatasi iliyo wazi inaondoa maswali na inaondoa shaka. Andika jina, wimbo, na kama mtu ataimba peke yake au na mwenzake.

Yapo mambo madogo yanayozua ugomvi usipoyaamua mapema. Anayechelewa kufika anaingia mwisho wa mzunguko unaoendelea, hata akiwa mtu mzima wa kuheshimiwa, ila mzee unaweza kumwomba mwenyewe aanze katika mzunguko unaofuata, na hakuna atakayelalamika. Wimbo wa wawili unahesabiwa kuwa zamu ya yule aliyeuandikisha, si ya wote wawili, la sivyo watu wataogopa kuitikia mwaliko wa kuimba na mwenzao. Aliyeitwa akawa nje au chooni anapishwa na anayefuata, kisha anapewa nafasi mara tu arudipo. Wimbo uliokwisha kuimbwa usirudiwe usiku huohuo, kwani anayeurudia, hata bila kukusudia, anaonekana kama anamsahihisha wa kwanza. Nyimbo zinazozidi dakika sita ziachwe, au ziimbwe na kundi, au zikatwe pale ala zinapobaki peke yake kwa muda mrefu.

Jambo moja zaidi: mshika orodha asiwe wewe. Mwenyeji ana mlango wa kufungua, wageni wa kutambulisha na watoto wa kuangalia. Mchague mtu mmoja mwenye sauti ya upole na msimamo usioyumba, ambaye hatampendelea rafiki yake. Anayekuja kuomba aingizwe mbele ajibiwe kwa maneno yaleyale kila mara: «Wimbo wako nimeuandika, unakuja baada ya fulani.» Maneno hayo hayana ukali, hayana mjadala, na yanampa mtu uhakika anaoutaka. Karibu wote huridhika, kwa sababu wengi hawaji kutafuta upendeleo. Wanataka kujua tu kwamba hawajasahauliwa.

FundiWaSauti alijibu:

Mimi kazi yangu ni kufunga vyombo vya sauti kwenye shughuli, hivyo nitalijibu swali la ufundi, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu wageni wengi wanaoamini kwamba hawawezi kuimba wameangushwa na vifaa vilivyopangwa vibaya.

Adui wa kwanza ni ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Hutokea pale kipaza sauti kinapoinasa sauti yake yenyewe ikitoka kwenye spika, ikakuzwa tena, ikatoka tena, na mzunguko huo ukajirudia hadi ukawa mluzi. Usikimbilie kupunguza sauti kabla ya kutazama mpangilio wa chumba. Spika ikae mbele ya mahali anaposimama mwimbaji na iwaelekee wageni, kamwe isiwe nyuma ya mgongo wake. Televisheni iweke pembeni, kwenye kona ambayo mwimbaji anaweza kusoma maneno bila kuwapa watu mgongo na wageni nao wanaweza kufuatilia. Kisha waonyeshe wageni namna ya kukishika: mkono ushike mpini, vidole visifunike ule wavu wa juu. Vipaza sauti vingi vya kushika mkononi vimeundwa viinase zaidi sauti inayotoka mbele na kuikataa inayotoka nyuma, na kazi hiyo huifanya kwa kutumia matundu yaliyo chini ya wavu. Kiganja kikiyaziba, kipaza sauti kinaanza kunasa kutoka kila upande, sauti ya mwimbaji inakuwa nzito isiyoeleweka, na mluzi unaanza. Wakati mwingine wa hatari ni pale mtu anapomaliza kuimba na kuuteremsha mkono huku wavu ukiielekea spika. Azime kwanza, ndipo ampe mwenzake.

Umbali unaofaa kati ya mdomo na wavu ni sentimita tano hivi, na wavu uelekee mdomoni, si kidevuni. Mtu mwenye haya hukiweka kipaza sauti kifuani; sauti yake inapotea, anadhani hana sauti, na mwenye kushughulikia vyombo anapandisha kiwango mpaka mluzi unarudi. Mtu huyohuyo akikisogeza karibu, atasikika vizuri akiimba kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo.

Sasa nije kwenye Bluetooth, kwa sababu umesema una kompyuta na spika. Sauti inayopita kwa Bluetooth mara nyingi huchelewa kwa milisekunde 100 hadi 200, na wakati mwingine zaidi. Kwa anayesikiliza muziki tu si kitu. Kwa anayeimba ni tatizo kubwa: sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sawa na kuimba ukiwa mita 34 kutoka kwenye spika inayokurudishia sauti yako. Hakuna anayeweza kushika mdundo katika hali hiyo, hata mwimbaji mzoefu. Vipaza sauti vyako visivyo na waya, kama vina kipokezi chake kinachochomekwa kwenye spika, havitakuletea shida hiyo. Lakini muziki utoe kwenye kompyuta kwa waya, na kama sauti za waimbaji zinapitia kwenye kompyuta, waya si hiari tena. Muziki ukichelewa hata kidogo, maneno kwenye skrini yatautangulia, na mgeni atalaumiwa kwa kukosa mdundo ambao hakuukosa yeye.

Jifunze pia kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unakoimbiwa, kwani programu nyingi za karaoke zinacho. Wimbo uliorekodiwa na mwimbaji mwenye sauti ya juu unaweza kumshinda mgeni wako katika kiitikio, na ukiushusha kwa nusutoni (hatua ndogo za kimo cha sauti) mbili au tatu akauimba bila kukaza shingo. Si udanganyifu hata kidogo. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa Japani aliyeunda mashine yake ya karaoke mjini Kobe mwaka 1971, alikuwa akiwapigia wateja wa baa waliopenda kuimba, na mashine hiyo ilitokana na ombi la mteja aliyetaka muziki uliopigwa kufuata sauti yake, ili aweze kuimba hata pale Inoue asipokuwepo. Tangu mwanzo ala ndizo zilizomfuata mtu wa kawaida. Mshika orodha wenu aandike mbele ya jina la kila mwimbaji kiasi alichoshushiwa au kupandishiwa, ili zamu ya pili isianze kwa kubahatisha.

Kuhusu ukubwa wa sauti, muziki uwe chini kidogo ya sauti ya mwimbaji, na mwangwi uwekwe kwa kiasi: kidogo unapendezesha, mwingi unayafanya maneno yaingiliane. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 94 unabaki na saa moja na kwenye desibeli 100 robo saa. Una watoto na wazee sebuleni. Kama watu walioketi pamoja wanalazimika kupiga kelele ili wasikilizane wakati wimbo unaendelea, punguza.

Siku moja kabla, pitia nyimbo unazotarajia. Hakikisha toleo ulilonalo ni lile lisilo na sauti ya mwimbaji, na kwamba maneno yanayoonekana ni sahihi. Ukitegemea intaneti, pakua baadhi ya nyimbo mapema endapo huduma unayoitumia inaruhusu, kwa maana hakuna kinachopoza ukumbi kama mtu aliyesimama na kipaza sauti akisubiri tangazo limalizike. Uwe na betri mpya za akiba, na kitambaa chenye unyevu kidogo cha kufutia wavu kati ya mwimbaji na mwimbaji. Usinyunyizie chochote moja kwa moja ndani ya wavu.

MsikilizajiMwema alijibu:

Wenzangu wameeleza zamu na vyombo. Mimi ningependa kumtetea yule mgeni aliyejikalia kimya.

Mtu akisema haimbi, aaminiwe mara ya kwanza. Asiulizwe mara ya pili mbele ya watu, jina lake lisiandikwe kwa siri kwenye orodha, na pasiwe na kundi la watu wanaopiga makofi huku wakilitaja jina lake mpaka ainuke. Wanaofanya hivyo hudhani wanamtia moyo. Wakati huo yeye amebakiwa na njia mbili, na zote zinamdhalilisha: ama aimbe kwa shuruti, ama akatae tena mbele ya watu ishirini na aonekane ndiye aliyeharibu furaha. Kama kweli unadhani anatamani ila anaogopa, msogelee ukiwa peke yako, umwambie kwa sauti ya chini kwamba mnaweza kuimba pamoja baadaye akipenda, kisha umwache. Akija mwenyewe baada ya saa mbili, mpe kipaza sauti kama unavyompa mtu mwingine yeyote, bila kutangaza kwamba hatimaye amekubali.

Unaweza pia kumpa nafasi isiyokuwa ya kuimba. Kuna wanaofurahia kuchagua nyimbo, kuendesha kompyuta, kushika orodha, au kuitikia kiitikio wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Kuitikia ukiwa umeketi ni kushiriki kabisa, na mwenyeji anapaswa kulithamini hilo.

Upande wa pili ni adabu ya wanaosikiliza. Sijui kwa nini mafunzo mengi ya karaoke humzungumzia anayeimba tu, ilhali hali ya chumba hutengenezwa na waliokaa. Mtu akiimba, angalau walio karibu wamtazame. Mazungumzo ya chini hayana ubaya, lakini kumpa mwimbaji mgongo na kucheka kwa sauti jambo jingine kunamfanya afikiri kwamba anachekwa yeye. Makofi yapigwe kwa wote kwa kiwango kinachokaribiana. Asiimbiwe mtu juu ya sauti yake: mwenye sauti kubwa asikichukue kipaza sauti cha pili kumsaidia mwenzake kabla hajaombwa, maana msaada huo, mbele ya watu, ni hukumu. Anayesahau maneno atajwe neno moja la kumrudisha njiani, na inatosha.

Mwimbaji hodari naye ana wajibu wake, na mara nyingi hauoni. Akiimba mara tu baada ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza, na akachagua wimbo wa kuonyesha uwezo wote, atashangiliwa sana, ila waliokuwa wanajikusanya kwenda kujiandikisha watabaki vitini. Mwombe kabla ya sherehe asaidie kuchangamsha, achague nyimbo ambazo wote wanaweza kuitikia, na wimbo wake mkubwa auweke mwishoni.

Kuhusu simu: tangaza mwanzoni kwamba hakuna kumrekodi mtu bila ruhusa yake, na kwamba ruhusa ya kurekodi si ruhusa ya kusambaza. Mfanyakazi mwenzako anaweza kuwa huru kabisa mbele ya watu ishirini anaowafahamu, akaumia sana akiikuta sauti yake ikisikilizwa ofisini kesho yake. Kwa watoto, ruhusa iombwe kwa wazazi. Na kwa kuwa watoto wapo, yasome maneno ya nyimbo kabla, kwani wimbo tuliouzoea masikioni huonekana tofauti maneno yake yanapoandikwa makubwa kwenye skrini.

MgeniWaKawaida alijibu:

Ninakubaliana na mengi, ila kuhusu orodha ya karatasi ningeomba tusiifanye kuwa sharti kwa kila hali. Kwa watu sita au wanane wanaojuana, kipaza sauti kikizunguka kutoka kiti hadi kiti, na kila anayekipokea akiwa huru kuimba au kukipitisha, mambo huenda vizuri zaidi kuliko kuitana majina. Kwa watu 20 MshikaOrodha yuko sahihi. Ningeongeza tu kwamba mwenyeji aimbe wa kwanza, na achague wimbo mwepesi unaojulikana na wengi. Akianza na wimbo mgumu na kuuimba kwa ustadi ameweka kipimo. Akianza na wimbo ambao chumba kizima kinauitikia, amefungua mlango.

MwenyejiMtarajiwa aliandika tena:

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Nimekwisha kumwomba binamu yangu ashike orodha, na nitanunua waya wa kuunganisha kompyuta na spika. Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, nifanye nini mgeni akilewa, akang'ang'ania kipaza sauti au akaanza kuongea badala ya kuimba? La pili, nitaimalizaje sherehe bila kuwakatiza watu waliokwisha kujiandikisha, hasa kwa kuwa majirani zangu ni wa ukuta kwa ukuta?

MshikaOrodha alijibu:

La kwanza, muziki ndio wa kukusaidia, si mabishano. Wimbo ukiisha, mwendesha kompyuta aanzishe mara moja ala za wimbo unaofuata na mshika orodha alitaje jina la mwimbaji wake kwa uchangamfu. Mtu aliyelewa hushindana na maneno kwa urahisi, lakini ni wachache wanaoendelea kuongea wakati wimbo wa mwenzao umeanza na mwenzao amesimama mbele yao mkono ameunyoosha. Kikibaki mkononi mwake, kiwango cha kipaza sauti hicho kishushwe taratibu pale kwenye spika, na mtu aliye karibu naye, wa rika lake, amtoe nje kupunga hewa. Usimkemee kupitia kipaza sauti cha pili. Kama bado unaona aibu kumkatiza, kumbuka kwamba aliyesimama anasubiri naye ni mgeni wako.

La pili, amua saa ya kuzima spika kabla hujatuma mialiko, uiandike kwenye mwaliko wenyewe, na uwaarifu majirani siku chache mapema, ukiwapa namba yako ya simu ili wakupigie wewe badala ya kulalamika kwa wengine. Hapo majirani wanakuwa wamejua mwisho wa kelele, na wageni wamejua kwamba mwisho huo haukuwekwa kwa ajili yao. Spika isiegemee ukuta mnaochangia na jirani na isikae moja kwa moja sakafuni, na besi ipunguzwe, kwani ndiyo inayopenya kuta.

Kisha rudi kwenye hesabu ya dakika tano. Kama unazima saa nne usiku na waimbaji ni 12, mzunguko wa mwisho unaanza saa tatu kasoro dakika tano, ili ubaki na dakika tano za wimbo wa pamoja. Utangazwe kuwa wa mwisho kabla haujaanza, na binamu yako apige mstari chini ya jina la mwisho pale kwenye karatasi, ili anayekuja baadaye auone mwenyewe bila kuambiwa. Muda ukiwabana, wawili wawili waombwe waunganishe zamu zao na waimbe pamoja. Wimbo wa kumalizia uwe umechaguliwa na kupakuliwa tangu mchana, uwe ule ambao hata watoto wanaujua, na vipaza sauti vyote viwili viwekwe mezani, wageni wauimbe kwa sauti zao wenyewe.